Mzee Analowa Kila Siku: Kutoka Dalili Hadi Chanzo Katika Makazi ya Wazee

Katika makazi ya wazee, zamu ya asubuhi huanza kwa kuvua mashuka yaliyolowa mkojo, kuyaloweka kwenye beseni, kuwaosha wazee na kuwavisha pampasi safi, na kazi hiyo hiyo hurudiwa mchana, jioni na usiku, hadi wahudumu wanaiona kuwa sehemu ya uzee kama zilivyo mvi. Mimi ni muuguzi, na ninachoomba mhudumu mwenzangu akubali tangu mwanzo ni kwamba mzee anayelowa ana sababu ya kulowa, na kwamba sababu hiyo mara nyingi hujionyesha katika saa anayolowa, kiasi kinachotoka na namna kinavyotoka. Uzee hupunguza ujazo wa kibofu na hufupisha muda kati ya kuhisi haja na kushindwa kuizuia, lakini uzee peke yake haumlowanishi mtu. Mwongozo huu unafuata dalili anazoziona mhudumu mwenyewe, kwa kuwa daktari hupita mara moja kwa wiki, pengine mara moja kwa mwezi, ilhali mhudumu yupo saa zote.

Siku tatu za daftari

Kabla ya kukisia chanzo, andika kwa siku tatu mfululizo, mchana na usiku. Kila baada ya saa mbili andika kama mzee ni mkavu au amelowa, kama amekojoa chooni au nguoni, amekunywa nini na kiasi gani, amepewa dawa zipi na saa ngapi, na mara ya mwisho kupata choo kikubwa ilikuwa lini. Makazi yakiwa na mizani ya jikoni, pima pampasi kavu kisha uipime ikiwa imelowa, kwa sababu kila gramu iliyozidi ni takriban mililita moja ya mkojo. Pasipo mizani, maneno matatu yanatosha: matone, imelowa, imejaa.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko daftari lenyewe. Kijana wa rika la mjukuu akimwuliza bibi mbele ya wenzake kama amejikojolea, ataambiwa kwamba chai ilimwagika, na kumbukumbu zitakuwa zimeharibika tangu siku ya kwanza. Mwamkie, keti karibu naye, anza na usingizi: “Shikamoo bibi. Usiku umelalaje? Uliamka mara ngapi?” Idadi ya mara alizoamka huja yenyewe, na kutoka hapo suala la mkojo linazungumzika bila kumvunjia heshima. Babu aulizwe na mwanamume kila inapowezekana.

Alikuwa mkavu, ameanza kulowa ndani ya siku chache

Hii ndiyo dalili yenye matumaini kuliko zote, kwa kuwa kilichoanza ghafla mara nyingi huondoka chanzo chake kikitibiwa. Anza na akili: mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kulala mchana kutwa au kuongea mambo yasiyoeleweka huenda ana malaria, nimonia au ugonjwa mwingine mkali, na mkojo ni dalili ya pembeni tu, hivyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kisha angalia dawa zilizoongezwa katika wiki mbili zilizopita. Halafu angalia mwendo, kwa sababu mzee aliyeanguka juzi na kunyamaza anaweza kuwa na maumivu ya nyonga yanayomfanya ashindwe kuinuka, na anayelowa kitandani kwa kushindwa kuinuka hana tatizo la kibofu hata kidogo.

Neno UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hutamkwa haraka mno katika makazi yetu. Kati ya robo na nusu ya wanawake wanaoishi katika makazi ya wazee huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuugua, na kwa wanaume hali hiyo pia si ya nadra, kwa hiyo kipimo cha kijiti kilichobadilika rangi hakithibitishi kwamba bakteria hao ndio wanaomlowanisha mzee. Mkojo wenye harufu kali kwa kawaida ni mkojo wa mtu asiyekunywa maji ya kutosha. UTI ya kweli huja na dalili zake: maumivu mapya wakati wa kukojoa, homa, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu au ubavuni, na haja ya mara kwa mara ambayo juma lililopita haikuwapo. Antibiotiki anayopewa mzee kwa sababu ya harufu tu huweza kumharisha, kumwongezea kulowa, na kuacha bakteria sugu kwa siku atakayoihitaji kweli.

Kuna ishara moja ambayo wazee wenyewe huijua kuliko sisi. Sisimizi wakijipanga kuelekea mahali palipodondoka mkojo, au wakikutwa kwenye nguo iliyovuliwa, pima sukari ya damu siku hiyo. Kisukari kisichodhibitiwa hutengeneza mkojo mwingi kuliko kibofu chochote cha miaka 75 kinavyoweza kuuhimili, na mzee atazidi kulowa, kunywa na kukonda hadi sukari ishuke.

Matone mchana kutwa, na kitanda kilicholowa kila usiku

Hapa naomba msomaji atulie, kwa kuwa hili ndilo kosa nililolishuhudia kwa karibu na ambalo bado linanisumbua. Babu mmoja, mcheshi na mwenye akili timamu, alikuwa akilowa kila usiku na kudondosha matone mchana. Alipewa antibiotiki mara mbili kwa jina la UTI, kisha akavishwa pampasi, kisha akapunguziwa maji ya kunywa. Siku moja nilipokuwa nikimwosha nilipitisha kiganja chini ya kitovu chake nikakutana na uvimbe laini, wa duara, uliofika karibu na kitovu, na nilipougusa alisema anahisi mkojo. Mpira wa kutoa mkojo ulipowekwa hospitalini ulitoa mililita 1,400. Kibofu chake kilikuwa kimejaa kwa miezi, na kile tulichokuwa tukikifuta kila asubuhi kilikuwa kilichofurika tu.

Kwa hiyo, mzee yeyote wa kiume aliyeanza kulowa kitandani usiku ahesabiwe kuwa na mkojo uliobaki kibofuni hadi ithibitike vinginevyo. Uliza kama mkojo huchelewa kuanza, kama mkondo ni dhaifu, kama hukatika na kuanza tena, na kama anahisi hajamaliza. Bonyeza taratibu chini ya kitovu baada ya kukojoa. Chanzo cha kawaida kwa wanaume ni tezi dume iliyovimba, na yenye saratani huweza kufanya vivyo hivyo, au mrija wa mkojo uliopata kovu. Kwa wanaume na wanawake pia, kisukari cha miaka mingi hudhoofisha mishipa ya fahamu ya kibofu, choo kigumu kilichojaa hukandamiza njia, na dawa kadhaa hukilaza kibofu: amitriptilini ya maumivu ya mishipa na usingizi, Piriton na dawa nyingine za mafua, kodeini, mofini. Nimeona mzee mwenye tezi dume akifungwa mkojo kabisa baada ya siku mbili za dawa ya mafua iliyonunuliwa dukani kwa nia njema.

Mzee aliyekaa kwa muda wa saa nane bila kutoa mkojo, tumbo likiwa limejaa na kuuma, ni dharura. Na kama pamoja na hilo miguu imelegea ghafla, kuna ganzi sehemu za siri na makalioni, au maumivu mapya ya mgongo, asisubiri asubuhi: uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, iwe na saratani ya tezi dume iliyosambaa au na kifua kikuu cha mifupa, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kutembea tena. Baada ya mpira kuwekwa na kibofu kikubwa kufunguliwa, mkojo unaweza kutoka kwa wingi mno kwa siku moja au mbili, basi pima unaotoka na umpe maji, ukimwangalia asizimie anaposimama.

Anahisi haja lakini hafiki

Kundi hili ndilo kubwa, na ndani yake mna mambo mawili yanayoishi pamoja: kibofu chenye haraka, na safari ndefu kuliko haraka hiyo. Pima safari kwanza. Hesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni, kisha tembea naye, usimtangulie. Utaona kitanda kirefu ambacho miguu yake haigusi sakafu anapoketi, mkongojo uliowekwa upande usiofikika, kizingiti cha mlango, taa iliyoungua, sakafu yenye maji ya kudeki, na mwisho choo cha kuchuchumaa ambacho magoti yake yaliacha kukikubali miaka kumi iliyopita. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa ndoo chini yake, kikisimama hatua tatu kutoka kitandani nyuma ya pazia, kimewakausha wazee wengi kuliko dawa ninazozijua. Fundi seremala hukitengeneza kwa siku moja.

Mavazi nayo yana sehemu yake. Babu aliyezoea kikoi amevishwa suruali ya msaada yenye mkanda na vifungo vitano, na vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kuvifungua kwa wakati. Mrudishie kikoi chake, au suruali ya mpira kiunoni. Bibi anayevaa gauni jembamba juu ya kanga mbili zilizofungwa kwa nguvu avae dera pana.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hasemi kwamba amebanwa. Husimama na kuketi, hushika nguo yake, huzunguka, hufungua milango ya watu, hukojoa kwenye pembe au kwenye ndoo ya kufagilia kwa sababu akilini mwake hapo panafanana na choo. Kumfokea hakumfundishi kitu. Mlango wa choo upakwe rangi iliyo tofauti na milango mingine, ubaki wazi na wenye taa, na ndoo zisizo za choo ziondolewe machoni pake.

Kwa wote hawa kuna utaratibu mmoja unaofaa kujaribiwa kwa siku tatu kabla ya kutoa hukumu. Kila baada ya saa mbili mchana, mwendee mzee, mwulize kama ni mkavu, hakikisha kwa staha, mkaribishe chooni, msubiri bila kumharakisha, kisha msifu akifanikiwa, mpe maji, mwambie utarudi saa ngapi. Daftari likionyesha kwamba hulowa saa tano kamili kila siku, mwendee saa nne na nusu. Baadhi ya wazee hukauka karibu kabisa kwa njia hii, na wengine hawabadiliki, na hao ndio wa kubadilishiwa nguo kwa ratiba bila kuwasumbua.

Hapa ndipo mahali pa kuzungumzia maji. Karibu kila mzee anayelowa huamua mwenyewe kuacha kunywa, na karibu kila mhudumu aliyechoka humuunga mkono. Mkojo mzito huwasha kibofu na kukifanya kiwe na haraka zaidi, na choo hukauka, kisha choo kilichokauka hukibana kibofu. Lita moja na nusu kwa siku, pamoja na uji na supu, ndiyo shabaha kwa asiyekatazwa na daktari kwa sababu ya moyo au figo. Kinachopunguzwa ni chai ya rangi na kahawa, hasa baada ya alasiri.

Kwa waliokulia Pemba, Unguja, mwambao, au vijiji vya Usukuma walikochota maji malamboni, kumbuka kichocho. Kibofu kilichopata makovu ya kichocho cha utotoni hubaki kidogo na kigumu. Mkojo wenye damu kwa mtu huyu, hata bila maumivu, unahitaji uchunguzi wa hospitali, kwa sababu kichocho cha muda mrefu huweza kuleta saratani ya kibofu.

Mchana mkavu, usiku mafuriko

Ikiwa tezi dume na mkojo uliobaki vimeshachunguzwa, tazama miguu jioni. Bonyeza kifundo kwa kidole kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, na kikibaki na shimo, maji yaliyojikusanya miguuni mchana kutwa yatarudi kwenye damu mara mzee atakapolala, na figo zitayatoa usiku. Chanzo kinaweza kuwa moyo au figo, kinaweza kuwa amlodipini ya presha, na mara nyingi ni kuketi barazani kutwa na miguu ikining'inia. Mlaze kwa saa moja au mbili alasiri, miguu ikiwa juu ya mto, ili maji hayo yatoke kabla ya giza.

Saa ya kumeza dawa ina uzito wa pekee. Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa takriban saa sita. Ikitolewa saa mbili usiku pamoja na dawa nyingine kwa sababu ndiyo saa ya muuguzi kupitisha trei, mzee atalowa hadi usiku wa manane. Ikitolewa saa tatu asubuhi naye akaachwa barazani mbali na choo, atalowa saa nne. Dawa ibaki, lakini saa yake na mahali anapoketi vipangwe pamoja, kwa idhini ya aliyeiandika.

Katika Ramadhani, mzee anayefunga hunywa maji yake yote kati ya futari na daku, na kulowa kwake usiku ni hesabu tu. Sogeza sehemu kubwa ya maji mapema baada ya futari, mpeleke chooni kabla ya kulala na anapoamshwa kula daku. Jambo lililo karibu na hili huwaumiza wazee kimya kimya: mwenye kuvuja huacha kuswali kwa kudhani hana twahara. Hukumu yake inajulikana, kwamba mwenye kutokwa na mkojo bila kukoma hujisafisha, hujifunga, hutia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, na huswali. Mwite imamu wa jirani amweleze kwa kinywa chake, kwa sababu kutoka kwetu wahudumu mzee hatalipokea kwa uzito ule ule.

Akikohoa, akicheka, akiinuka

Matone haya hutoka kwa misuli ya nyonga iliyolegea, zaidi kwa bibi waliozaa mara nyingi. Bibi anayeelewa maelekezo afundishwe kubana misuli kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa. Kikohozi chenyewe kichunguzwe: enalaprili, dawa ya presha, huweza kuleta kikohozi kikavu ambacho huondoka dawa ikibadilishwa, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu.

Bibi anayevuja saa zote

Bibi ambaye hana saa ya ukavu, usiku wala mchana, na ambaye akiulizwa faraghani anasema ilianza baada ya uzazi mgumu, yamkini hana tatizo la uzee. Ana fistula ya uzazi, tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na huenda ameishi nayo miaka 40, akiachwa na mume, akikaa mwisho wa mkeka, hadi makazi yakampokea. Wengi wao walimpoteza mtoto katika uzazi ule ule, hivyo swali liulizwe kwa upole na mwanamke mwenzake. Umri haumzuii kuchunguzwa wala, mwili ukiruhusu, kufanyiwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo kwa miaka mingi. Kumwandikia pampasi bibi huyu bila kumwuliza historia yake ni kumwacha pale pale alipoachwa na wengine.

Choo chepesi kinachovuja

Mhudumu anaripoti kwamba mzee anahara: kinyesi cha majimaji, kidogo kidogo, mara sita kwa siku, bila mzee kujitambua. Kabla ya kumpa dawa ya kuzuia kuhara, rudi kwenye daftari. Ikiwa hajapata choo cha kawaida kwa siku nne au tano, tumbo limejaa na hamu ya kula imepotea, yaelekea choo kigumu kimeziba njia na majimaji yanapita pembeni yake. Loperamidi katika hali hii huongeza kizuizi. Muuguzi mwenye glavu na mafuta ya kutosha athibitishe kwa kidole, kwa ridhaa ya mzee na faragha kamili. Kama njia ni tupu lakini tumbo limejaa, kizuizi kinaweza kuwa juu zaidi, na daktari ahusishwe.

Matibabu huanza chini: kidonge cha gliserini cha kuwekwa njia ya haja kubwa, au enema, kulainisha na kutoa, kisha laktulosi au bisakodili kwa mdomo ili choo kisijikusanye tena. Baada ya hapo ndipo kazi halisi inapoanza, nayo ni ya ratiba. Utumbo huamka mwenyewe dakika 20 au 30 baada ya chakula, na huamka kwa nguvu zaidi asubuhi, basi mzee apelekwe chooni baada ya uji, kila siku, akae kwa muda wa kutosha, miguu ikiwa juu ya kibao ili magoti yapande kuliko nyonga. Papai, maembe, mchicha na maharage vinasaidia mwenye kunywa maji. Asiyekunywa, vitamzidishia tu mzigo. Kinyesi chenye damu, au mabadiliko ya choo pamoja na kukonda, viende hospitali.

Pampasi, ngozi na mpira wa mkojo

Pampasi ina nafasi yake halali wakati chanzo kinatafutwa na baada ya kila kilichowezekana kufanyika. Ibadilishwe inapolowa, na inapochafuliwa na kinyesi ibadilishwe papo hapo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando tabaka jembamba, kwa kuwa tabaka nene huziba pampasi isinyonye. Dawa za kuua vijidudu za kusafishia sakafu zisiguse ngozi ya mzee. Wekundu uliotapakaa kinenani na kati ya mapaja ni wa unyevu. Wekundu wenye mipaka juu ya mfupa, usiopotea ukiubonyeza, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na huyo anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili pamoja na kukaushwa.

Mpira wa mkojo huwekwa kwa mkojo uliozuiwa, kwa kidonda cha makalioni ambacho hakiponi kwa kulowa, au kwa mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho ambaye kila kugeuzwa ni maumivu. Haupaswi kuwekwa kwa sababu wahudumu ni wachache, ijapokuwa naujua uchache huo. Ndani ya mwezi mmoja karibu kila mpira huwa na bakteria. Mkojo ukivuja pembeni ya mpira, tafuta mkunjo, mfuko uliojaa au ulioinuliwa juu ya kibofu, na choo kigumu, kabla ya kufikiria mpira mnene zaidi. Kila mpira uandikiwe sababu na tarehe ya kutolewa kwenye faili, na ule ambao sababu yake haikumbukwi na yeyote uulizwe kwa daktari wiki hiyo. Akikubali utolewe, utolewe asubuhi, mzee anywe maji kama kawaida, na kiganja kipitishwe chini ya kitovu chake kabla saa sita hazijapita.